Chupa ya mafuta yenye tani nne na nusu



Juma hili tulikuwa tumepanga kuandika juu ya mbegu za karanga. Mbegu zitangoja kidogo. Katika mkutano wetu wa likelemba kulitokea jambo ambalo tuliona lisibaki ndani ya nyumba ya mama mmoja, kwa sababu kesho litafika kwa mwingine.

Ilikuwa zamu ya mama huyo kupokea. Tulipomhesabia pesa zake, akazisukuma nyuma. Akasema: «Ziwekeni tu. Mpeni anayefuata. Mtoto anarudi.»

Wote tunamjua huyo mtoto. Ndiye binti aliyemaliza humanite katika opsioni ya pedagoji, akapata diploma ya Serikali, na sisi wenyewe tukamsindikiza siku ile alipopanda pikipiki kwenda Kisangani kusomea uuguzi. Tulimfungia sombe iliyokaushwa, mchele na bidoni ndogo ya mawese. Sasa ametoa sauti kwa simu: masomo mengine amepita, lakini fizike amepata 4 juu ya 20. «Mama, fizike si ya watu waliofanya pedagoji. Hesabu sikuzisoma vizuri. Heri nirudi nifundishe primeri.» Na baba zake wadogo nao wakapata neno la kusema: si tuliwaambia, mtoto mwanamke mnampotezea pesa bure.

Tukanyamaza wote. Halafu mwenzetu mmoja, ambaye amefundisha hesabu miaka mingi, akauliza swali moja tu: «Amekosa nini?» Mama akajibu: «Amekosa fizike.» Mwalimu akasema: «Hapana. Mgonjwa hasemi tu naumwa. Anasema naumwa wapi. Mwambie atume picha za karatasi ya mtihani.»

Picha zikafika kwa WhatsApp siku ya tatu. Mwalimu akakaa nazo jioni nzima, akichora duara penye kila alama iliyopotea. Akatuletea hesabu yake. Alama 16 zilizopotea zilikuwa za namna tatu. Alama 3 zilipotea kwa sababu binti hakuielewa fizike yenyewe. Alama 4 zilipotea kwa sababu hakulielewa swali, maana maneno ya Kifaransa yalimchanganya. Na alama 9 zilipotea katika hesabu ndogo ndogo, zile za primeri na za mwaka wa saba na wa nane.

Tuliposikia hivyo, mama yake akainua kichwa.

Tuwaonyeshe mfano mmoja, kwa sababu wauza mafuta wote mtauelewa kuliko profesa. Swali lilisema: mafuta yana uzito wa kilo 900 kwa kila meta moja ya mchemraba, basi sentimeta 500 za mchemraba za mafuta hayo zina uzito gani? Sentimeta 500 za mchemraba ni nusu lita, yaani chupa ile ndogo tunayopimia sokoni. Binti alijua kwamba ni lazima azidishe. Alijua pia kwamba ni lazima kwanza azigeuze sentimeta ziwe meta. Akafikiri: meta moja ni sentimeta 100, basi 500 gawanya kwa 100 ni 5. Akazidisha 900 mara 5. Akaandika jibu: kilo 4500.

Mama yake aliposomewa jibu hilo alicheka mpaka akashika kiuno. «Chupa ya nusu lita? Tani nne na nusu? Hiyo nitaibeba na nani?»

Wamama, kicheko hicho ni fizike. Huyu mama hajawahi kukaa katika darasa la fizike, lakini anajua kwa mikono yake kwamba bidoni ya lita 20 ya maji ni kilo 20, na bidoni hiyo hiyo ikijaa mawese ni nyepesi kidogo, karibu kilo 18. Ndiyo sababu mafuta yanaelea juu ya maji katika sufuria. Gawanya kilo 18 kwa lita 20, unapata 0,9. Lita moja ya mafuta ni karibu gramu 900. Nusu lita ni karibu gramu 450. Jibu sahihi lilikuwa kilo 0,45. Mtoto aliyekua akibeba bidoni hizo alikuwa na jibu mabegani mwake, lakini hakuna aliyemwambia kwamba ruhusa ipo ya kulitumia kwenye mtihani.

Kosa lake lilikuwa wapi? Meta ya mchemraba ni sanduku lenye meta moja kila upande. Ukitaka kujua linaingiza vijisanduku vingapi vya sentimeta moja, utapanga 100 kwa urefu, 100 kwa upana, 100 kwa kwenda juu. Ni 100 mara 100 mara 100, yaani milioni moja. Binti aligawanya kwa 100, kumbe ilimpasa agawanye kwa 1 000 000. Hilo ndilo kosa zima. Halihitaji akili ya ajabu. Linahitaji mtu akae naye nusu saa, na yeye alirudie mara kumi.

Basi tukamwuliza mwalimu: mtoto aliyetoka pedagoji, au komersiali, au ushonaji, akifika mwaka wa kwanza na kukuta fizike inamngoja, ajifunze hesabu zipi? Zote za miaka minne haiwezekani. Akatuandikia mambo matano. Yakateni, myabandike ukutani.

La kwanza ni kugeuza vipimo. Sentimeta kuwa meta, gramu kuwa kilo, saa kuwa dakika. Mfano wa hapa kwetu: kutoka Bafwasende mpaka Kisangani ni karibu kilomita 260. Pikipiki ikienda kilomita 30 kwa saa, itatumia muda gani? 260 gawanya kwa 30 ni 8,67. Wengi wanaandika: saa 8 na dakika 67. Si hivyo. Ile 0,67 ni sehemu ya saa, na saa ina dakika 60. Jibu ni saa 8 na dakika 40. (Kwa matope ya mwezi wa kumi tusiongee.)

La pili ni visehemu na uwiano. Ni ile hesabu ya primeri: kama makopo matatu ya mchele ni bei fulani, makopo saba ni bei gani? Kila mama wa soko anaifanya kichwani kabla mteja hajamaliza kuuliza. Nusu ya fizike ya mwaka wa kwanza ni hesabu hiyo, imevaa nguo nyingine.

La tatu ni vipeo vya kumi, yaani namna fupi ya kuandika namba kubwa sana na namba ndogo sana. Badala ya sifuri sita, unaandika 10 na kijinamba 6 juu yake. Asiyeyajua hayo anapotea katikati ya sifuri, kama mtu anayehesabu noti chafu gizani.

La nne ni kugeuza fomula. Fomula moja ina maswali matatu ndani yake. Ukijua uzito na ujazo, unapata uzito wa kila lita. Ukijua uzito wa kila lita na ujazo, unapata uzito wote. Ukijua uzito wote na uzito wa kila lita, unapata ujazo. Mtoto asikariri fomula tatu. Akariri moja, halafu ajifunze kuizungusha.

La tano ni kusoma mchoro na pembe: mstari unaopanda maana yake nini, na zile sinus na kosinus zinazoingia kila panapokuwa na mtelemko. Hili ndilo gumu kuliko mengine, na mwalimu alisema liachwe la mwisho, baada ya yale manne kuzoeleka.

Hayo ndiyo mahesabu. Lakini msisahau zile alama 4 za maneno. Hapa kosa ni letu sote. Sisi tukisema «nguvu», neno moja linatosha kwa mambo mengi. Kifaransa cha fizike kina maneno matatu tofauti: force, énergie, puissance. Mwenye kamusi ya Tanzania atakuta humo kani na nishati, lakini huku kwetu wachache wanayatumia. Basi mfikirie mtu wa toleka anayesukuma baiskeli yake yenye makemba kupanda kilima. Ule msukumo wa mikono yake kwenye usukani, kila wakati, ndio force. Jumla ya yote aliyoyatumia kuufikisha mzigo juu ndiyo énergie. Na kama mwenzake mwenye mzigo uleule amefika juu kwa nusu ya muda, huyo mwenzake ametumia énergie ileile ya kuupandisha mzigo, lakini puissance yake ni mara mbili. Mtoto anayeshika mfano huo hatachanganya tena. Asiyeupata ataandika neno moja penye matatu, na asistanti atampigia mstari mwekundu.

Wengine mtasema: lakini kuna watu walioijua fizike bila hesabu. Ni kweli, na mkubwa wao tumtaje. Michael Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mtoto wa mhunzi. Shule aliiacha mapema. Alipokuwa na miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akawa anasoma vitabu alivyovishona. Hesabu za juu hakuzijua maisha yake yote. Hata hivyo mwaka 1831 ni yeye aliyeonyesha kwamba ukisogeza sumaku karibu na waya uliozungushwa, umeme unapita katika waya huo. Dinamo ya baiskeli inafanya kazi kwa jambo hilo. Mashine za bwawa la mto Tshopo, zinazotoa umeme wa Kisangani, zinafanya kazi kwa jambo hilohilo: maji yanazungusha, umeme unazaliwa. Aliona kwa macho na kwa mikono. Baadaye alikuja James Clerk Maxwell, mtu wa hesabu, akayaandika kwa fomula yale Faraday aliyoyaona.

Tumlete Faraday kwa sababu mbili. Moja, ili mtoto asidanganywe kwamba asiye na hesabu hana akili ya fizike. Kuona jinsi vitu vinavyofanya kazi ni kipawa chake chenyewe. Mbili, ili tusijidanganye sisi. Faraday hakukaa kwenye mtihani wa sesioni ya pili akiwa na saa mbili na karatasi moja. Binti yetu atakaa. Kwa hiyo hesabu atazihitaji.

Na si kwa ajili ya mtihani tu. Muuguzi aliye katika kikundi chetu alizungumza, na alipozungumza hakuna aliyecheka. Alisema: daktari anaandika, mgonjwa apewe serumu lita moja kwa saa 8. Muuguzi ndiye anayefungua mpira na kuhesabu matone. Kwa mpira wa kawaida, mililita moja ni matone 20. Lita moja ni mililita 1000, basi ni matone 20 000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya 20 000 kwa 480: karibu matone 42 kila dakika. Anayesahau kugeuza saa kuwa dakika atapata 2500 kwa dakika moja, na hapo atajua mwenyewe kwamba amekosea, kwa sababu hakuna macho yanayoweza kuyahesabu. Lakini kuna makosa mengine madogo ambayo hayajionyeshi hivyo. Kukosea mara mbili tu hakuonekani kwa macho, na mwili wa mtoto mchanga hausamehe. «Kwa hiyo,» alisema, «msimwombee huyo binti apite tu. Mwombeeni ajue.»

Sasa, wamama, sisi tufanye nini? Wengi wetu tunasema, mimi sikusoma, nitamsaidia nini mtu wa chuo kikuu? Tulijibizana mpaka jioni, na haya ndiyo tuliyokubaliana.

Msaada wa kwanza unaanza mapema, mtoto akiwa mwaka wa nane. Hapo ndipo anapochagua opsioni ya humanite, na mara nyingi anafuata rafiki, au shule iliyo karibu. Pedagoji si mbaya, ushonaji si mbaya. Lakini mama aulize siku hiyo: unataka kuwa nani? Akisema daktari, muuguzi, mwagronomu, fundi wa umeme, basi ajue kwamba fizike na hesabu zinamngoja mbele, na opsioni ya sayansi ndiyo inayomtayarisha. Kama shule ya karibu haina sayansi na hakuna njia ya kumpeleka mbali, asikate tamaa. Aweke hesabu za ziada tangu mwaka ule.

Msaada wa pili ni miezi ile kati ya mtihani wa Serikali na kuanza masomo ya juu. Watoto wetu wanakaa wakingoja matokeo, wakienda shamba na kurudi. Miezi hiyo ni dhahabu. Atafute daftari za hesabu za mwaka wa saba na wa nane, si za mbele, azifanye zote upya kwa kalamu. Saa moja kila siku inatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Msaada wa tatu ni namna ya kusoma. Mtoto wa pedagoji amezoea kukariri, na kwa masomo mengine inamfaa. Fizike haikaririwi. Mtu hajui kusuka mkeka kwa kutazama mikono ya mwenzake. Asome mfano uliofanywa, afunge daftari, aufanye peke yake mpaka mwisho, ndipo afungue alinganishe. Na kila jibu aliulize kama mama wa soko: je, inawezekana? Chupa ya nusu lita inaweza kuwa na tani nne na nusu?

Msaada wa nne ni kumfundisha asione haya kuuliza. Watoto wa interio wanafika mjini wakiona wenzao wanajibu kwa Kifaransa cha haraka, wananyamaza, wanafikiri ni wao tu wasioelewa. Amwendee asistanti na swali lililoandikwa: hapa nimefika, hapa nimekwama. Atafute wenzake watatu au wanne, mmoja wao awe ametoka opsioni ya matematike na fizike. Na kama ameshindwa, asihame kimya kimya. Aende aparitora, aulize sawasawa sesioni ya pili ni lini na sheria inasema nini juu ya somo lililobaki. Wengine wamerudi nyumbani kwa somo moja ambalo wangeweza kulitengeneza.

Msaada wa tano ni maneno yetu. Usimwambie mtoto mwanamke kwamba hesabu ni za wanaume. Kwetu Kongo, Raïssa Malu alisoma fizike, akaanzisha Juma la Sayansi na Teknolojia huko Kinshasa mwaka 2014, na mwaka 2024 akawa waziri wa elimu wa nchi nzima. Sandrine Mubenga, akiwa kijana huko Kikwit, aliugua akahitaji operesheni, lakini hospitali haikuwa na umeme, ikabidi angoje huku anaumwa. Alipona, akaenda kusomea umeme wenyewe, mpaka akafika udaktari wa uhandisi katika chuo cha Toledo, Marekani. Binti zetu wakijua majina ya waimbaji, wajue na haya mawili.

Mwisho wa mkutano tulirudi kwenye zile pesa mezani. Mama alizipokea. Hakuzipeleka kwa nauli ya kurudi. Zimekwenda kwa chumba cha miezi miwili zaidi kule Kisangani, na kwa kijana mmoja wa mwaka wa tatu atakayemfundisha hesabu mara tatu kwa juma. Mwalimu wetu naye anamtumia mazoezi matano kila Jumamosi kwa simu, na binti anarudisha picha. Juma la kwanza alipata mawili. Juma lililopita alipata manne, na lile la tano alikosea kwa sifuri moja tu. Chini ya jibu hilo alikuwa ameandika mwenyewe: «Hii haiwezekani, lakini sijaona kosa bado.»

Mwalimu alituambia mstari huo ulimfurahisha kuliko majibu manne.

Sesioni ya pili ni baada ya majuma sita. Hatujui atapata ngapi, na hatutawadanganya. Tutawaambia hapa hapa, akipita au asipopita. Wakati huo, kama una mtoto mwaka wa nane, mwulize leo jioni swali la chupa ya mafuta. Na kama una daftari za zamani za hesabu zinazoliwa na mende, zileteni kwenye mkutano wa Jumatano. Zina kazi.

Tuonane Jumatano, wamama. Na karanga juma lijalo.